Ekzosi Mpya ya Mama Polepole

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Polepole, na mgeni akishamwona barabarani hakuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Alikuwa mkunga wa zahanati, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na pikipiki yake nyekundu aliiendesha kwa mwendo ambao hata wenye baiskeli waliona haya kuupita. Mbuzi walivuka mbele yake bila kugeuza shingo. Akikuta tuta, alisimama kabisa, akalipanda taratibu, akalishuka taratibu, kisha akaendelea na safari kama vile hakuna aliyemsubiri popote.

Alijifunza kuendesha akiwa mtu mzima, baada ya gari la zahanati kuharibika na kukaa uani mpaka kuku wakahamia ndani yake. Wenzake walisema basi tena, wajawazito wa kule bondeni sasa watajijua wenyewe. Yeye akawaambia, “Mtoto akitaka kutoka haulizi kama gari ni zima.” Akanunua pikipiki ya mwalimu mmoja aliyestaafu, akaenda kujifunzia uwanja wa mpira, akagonga goli upande huu, akagonga goli upande ule, akaipata. Tangu hapo, mama wa bondeni akishikwa na uchungu, alisikia mlio ule wa chini chini ukishuka mteremko, akajua mkunga yuaja.

Mumewe alikuwa mshonaji. Mwanamume mwembamba, mpole, mwenye pini kwenye ukosi wa shati na maneno ya kuhesabika. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa nyumba, cherehani ikitazama lango. Walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi hata wakaanza kukohoa kwa kufanana. Kila asubuhi yeye ndiye aliyempigia mkewe pasi ile sare nyeupe, na mkewe, kabla ya kutoka, alimtungia nyuzi kwenye sindano kadhaa akaziacha zimechomekwa kwenye kifuko, maana macho ya mzee yalikuwa yameshaanza kumsaliti.

Sasa, ekzosi ya pikipiki ile, yaani lile bomba la moshi, ilikuwa imechomelewa mara nyingi hata chuma chenyewe kilibaki jina tu. Siku moja ikakatika njiani. Mama Polepole aliirudisha nyumbani imefungwa kamba nyuma ya kiti, injini ikinguruma kama simba mwenye jino bovu. Mshonaji akatoka mbio na futi yake shingoni, akadhani ni lori linaingia uani.

Akaitazama ekzosi iliyokatika, akarudi kibandani. Lakini siku chache baadaye mkewe alipotoka kazini alimkuta amepiga magoti juu ya gunia, mikono myeusi, uso unang’aa kwa jasho na furaha. Pikipiki ilikuwa na ekzosi mpya. Haikuwa ya kampuni iliyoiunda pikipiki. Ilikuwa ya zile wanazopenda vijana, fupi, nyeupe kama kijiko kipya, mdomo mpana. Muuzaji alimhakikishia kwamba inaingia popote. Na mshonaji, ambaye maishani mwake hakuwahi kushika spana, aliazima moja kwa jirani na kuifunga mwenyewe, nati kwa nati, kwa uangalifu uleule anaoshonea vifungo vya bwana harusi.

Mama Polepole akaizunguka pikipiki.

“Mume wangu, hii si ya mashindano?”

“Ni ya mke wangu,” alijibu mshonaji, huku akiipangusa kwa kipande cha satini.

Baada ya neno kama hilo, mtu ataongeza nini?

Asubuhi yake, alipoiwasha uani, matone meusi yakaanza kudondoka. Yalitoka pale katikati ambapo bomba jembamba linachomekwa kwenye lile nene, tone baada ya tone, yakaacha doa kwenye saruji. Mshonaji akainama, akalitazama doa kama mtu anayetazama wino juu ya shela.

“Inavuja oili,” alisema kwa huzuni.

“Itaacha yenyewe,” mkewe akamfariji. Na kweli, injini iliposhika moto matone yalikatika. Ila kesho yake yakarudi, na keshokutwa pia.

Mshonaji akafanya alilolijua. Alikata kipande cha jinzi nzito, akashona kifuko chenye mikanda na vifungo, akakifunga chini ya ungio ili kinywe ile oili. Kazi safi, mishono miwili miwili. Mama Polepole alifika nacho mpaka sokoni, kikaanza kufuka moshi. Mwuza nyanya mmoja alikimwagia ndoo nzima ya maji, yakamlowesha na mkunga mwenyewe.

“Mama Polepole! Leo unapika nini huko chini?”

“Suruali,” akajibu, maji yakimchuruzika.

Hilo lilikuwa jambo la kucheka, wakacheka wote wawili, mke na mume, jioni ile. Lakini kulikuwa na la pili, ambalo Mama Polepole hakumwambia mumewe.

Aliligundua kwenye mteremko wa bondeni. Injini ilikuwa imeshapata moto, akaachia mafuta ili ateremke kwa utaratibu wake, na papo hapo nyuma yake ikalia: pa! papa! pa! Akageuka kutazama nani anapiga risasi. Hakuna mtu. Akatia mafuta, kimya. Akaachia tena: pa! Mbwa wa mtaa mzima wakaamka.

Angeweza kusema siku ileile. Lakini aliporudi nyumbani mumewe alikuwa amesimama langoni, pini zake ukosini, akauliza, “Inakwendaje?” Uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyeleta kuni kwa mara ya kwanza.

“Inakwenda kama maji,” alisema Mama Polepole.

Na ukishasema hivyo mara moja, huna budi kuishi nalo. Kwa kuwa njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ya kuteremka, akabuni mbinu. Akifika kwa kinyozi, juu ya kilima kidogo, alizima injini, akaiacha pikipiki iserereke yenyewe, akaingia langoni kimya kama paka aliyeiba. Mshonaji akaona fahari isiyo kifani. Pikipiki ikiingia, alisimamisha cherehani, akainua kidole kwa wateja wake.

“Sikilizeni. Mnasikia kitu?”

“Hatusikii kitu, fundi.”

“Basi ndiyo ekzosi hiyo.”

Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku ile mke wa seremala aliposhikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na nyumba yao ilikuwa chini kabisa bondeni. Mama mkwe wake alipiga simu zahanati asubuhi jua limeshapanda: “Mkunga, njoo, huyu binti wa watu ananing’oa mkono!” Mama Polepole akachukua mkoba wake, akawasha pikipiki, na kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa mpira akaikimbiza.

Alipofika kwenye mteremko, mwendo ulimtisha. Akaachia mafuta yote kwa mpigo.

Waliokuwepo wanasema ilikuwa kama vita vimeanza. Pa! papapa! pa! mpaka mlangoni. Seremala, ambaye alikuwa nje akipiga randa mbao ili kujisahaulisha, alijitupa kifudifudi kwenye maranda. Kuku wakapotea. Na mlango wa nyumba ukafungwa kwa komeo, ka! kutoka ndani.

Mama Polepole akabisha hodi.

“Nani?” sauti ya mama mkwe iliuliza.

“Ni mimi, mkunga!”

“Mkunga gani anakuja na bunduki?”

“Si bunduki, mama, ni pikipiki!”

“Pikipiki ya mkunga tunaijua sisi! Hata inzi huipita! Wewe nenda zako, hapa hatuna kitu, tuna mgonjwa tu!”

Mama Polepole akabaki na mkoba mkononi, hajui acheke au alie. Ndipo ikasikika sauti ya mke wa seremala kutoka chumba cha ndani, ikivunjika kwa maumivu lakini yenye hasira kamili:

“Mama, mfungulie! Hata kama ni jambazi, aingie anisaidie kuzaa!”

Komeo likatolewa.

Kazi ya mle ndani ilikuwa ya jasho, kama kazi ile ilivyo, lakini haikuwa na baya. Mama Polepole aliifanya kwa mikono yake ileile isiyo na haraka, akimsemesha binti kwa sauti ya chini, “Pumua, mwanangu, usisukume bado, pumua,” na kabla jua halijafika utosini akatoka mtoto wa kike, analia kwa nguvu, ngumi zote mbili zimekunjwa. Bibi yake alimtazama ngumi akasema, “Huyu kaingia duniani kwa kishindo, na yuko tayari kupigana.” Wazazi walimpa jina lao zuri baadaye. Majirani hawakungoja, kufikia mchana walikuwa wameshamwita Baruti.

Mama mkwe alitoka nje kumwaga maji. Uani, chini ya pikipiki iliyokwisha kupoa, juu ya mchanga alioufagia mwenyewe alfajiri, kulikuwa na kidimbwi kidogo cheusi, na tone jingine linaning’inia. Bibi akaweka beseni chini, akashika kiuno.

“Mkunga! Njoo haraka. Na huyu wako huku chupa imepasuka!”

Seremala, maranda bado kichwani, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ndani mke wake akaomba asichekeshwe, inauma. Mama Polepole naye alicheka hata akavua miwani kuipangusa. Lakini alipoivaa tena akaendelea kulitazama lile tone, na kicheko kikamwisha taratibu. Aliona ajabu. Kila siku, mama akimwambia chupa imepasuka, yeye huuliza: maji yana rangi gani? Yananukaje? Yameanza lini? Haya ya pikipiki yake ameyatazama siku zote hizi wala hakuyauliza hata swali moja. Amekubali tu neno la mshonaji kwamba ni oili.

Akatoa pamba mkobani, akalidaka tone. Jeusi. Akalinusa: moshi, lakini petroli hakuna. Akalisugua kati ya vidole: halitelezi. Akaibandika ile pamba ukutani penye jua, akarudi ndani kumwangalia mzazi na mtoto. Alipotoka, pamba ilikuwa imekauka, na juu yake pamebaki vumbi la masizi tu, likipulizwa linaruka.

“Maji,” akajiambia. “Maji na masizi.”

Habari hukimbia kuliko pikipiki, hasa ya Mama Polepole. Kabla hajafika nyumbani, mteja mmoja alikuwa ameshaingia kwenye kibanda cha mshonaji kuchukua suruali yake.

“Hongera fundi! Nasikia mama leo kazalisha kwa mizinga!”

Jioni Mama Polepole alizima injini kwa kinyozi kama kawaida, akaserereka, akaingia langoni kimya. Mumewe alikuwa amesimama katikati ya njia.

“Washa,” alisema.

“Niwashe nini?”

“Pikipiki. Washa, tia mafuta, halafu achia.”

Akawasha, akatia, akaachia. Pa!

Mshonaji akaivua futi shingoni. “Tangu lini?”

“Tangu ulipoifunga.”

“Na ule ukimya wote?”

“Nazima pale kwa kinyozi.”

“Kumbe kinyozi anajua?”

“Mtaa mzima unajua, baba. Ni wewe tu.”

Mshonaji akaketi kwenye kizingiti cha kibanda. Mkewe akaketi kando yake, kofia ngumu mapajani. Alidhani amemuumiza, na kweli alikuwa amemuumiza, maana alimwona akichezea futi yake, akiikunja na kuikunjua.

“Mbona hukuniambia?”

“Uliifunga kwa mapenzi. Mapenzi hayarudishwi dukani.”

Mshonaji akatikisa kichwa. “Mke wangu, mimi ni mshonaji. Nguo ikimbana mtu kwapani, anairudisha kwa fundi, tunaachia mshono, anavaa anapumua. Akinyamaza akaivaa hivyohivyo, anateseka yeye, na mimi natembea mjini nikijisifu kwa kazi mbovu.” Akafikiri. “‘Mnasikia kitu?’ Nimewauliza watu mpaka diwani!” Mabega yake yakaanza kutikisika. Mkewe alidhani analia. Alikuwa anacheka, na alipopata pumzi akasema, “Diwani akaniambia hasikii kitu kabisa. Akanipongeza.”

Siku ya mapumziko walitandika gunia uani. Mama Polepole akaongoza, kwa kuwa maswali ni kazi yake. Inatona lini? Ikiwa baridi tu. Inaacha lini? Ikishika moto. Na kulia? Ikiwa na moto tu, tena ukiachia mafuta tu, ukitia hailii.

“Basi ni wagonjwa wawili,” alisema. “Tumewalaza kitanda kimoja, ndiyo maana hatuwaelewi.”

Akamweleza habari za pamba. Mshonaji akaondokewa na mzigo wa ile oili, lakini bado kulikuwa na mizinga. Alikumbuka jinsi fundi wa pancha anavyosaka tundu kwenye mpira kwa maji. Akakoroga sabuni kwenye bakuli mpaka povu likasimama. Wakaiwasha pikipiki ingali baridi, na upesi, kabla bomba halijapata moto, akaanza kupaka povu kwa brashi ya kunyolea, kila penye ungio. Katikati hapakuwa na kitu cha maana. Lakini juu, mbele, pale bomba linapotoka kwenye injini yenyewe, povu lilianza kuchemka, likavimba, likapasuka, likavimba tena.

“Hapo!” walisema pamoja.

Mshonaji akazima injini. Uso wake ulikuwa umebadilika.

“Hapo nilikuta kipete cha shaba kimebanjuka kama pesa iliyopitiwa na treni. Nikadhani ni takataka. Nikakitupa.”

“Hukuweka kingine?”

“Ekzosi haikuja nacho.”

Mama Polepole akamtazama juu ya miwani. “Kwa hiyo, fundi, umeshona koti bila bitana.”

“Nimeshona bila bitana,” akakiri, na mwenyewe akapiga paja.

Wakaisukuma mpaka kwa fundi pikipiki aliyeitwa Spana Kumi, mtu wa miraba minne ambaye aliapa kwamba spana namba kumi inatosha kwa matatizo yote ya dunia isipokuwa ndoa. Mshonaji alikuwa amejiandaa kuchekwa. Spana Kumi alisikiliza kisa chote, kuanzia kifuko cha jinzi, na kweli alicheka mpaka akaomba kigoda. Kisha akakagua nati na kusema, “Lakini umekaza sawasawa, pande zote mbili. Wengi hukaza upande mmoja, bomba likakaa kombo. Mkono unao, mzee.” Mshonaji akaonekana amerefuka.

Spana Kumi akaweka kipete kipya cha kuziba mwanya, akakaza. Akawaeleza kwamba ukiachia mafuta, injini huvuta, na pale penye mwanya hewa ya nje hujipenyeza ndani ya bomba lenye moto, ikakutana na mvuke wa petroli ambao haujaungua. “Ndiyo hiyo pa yenu.” Akatoa plagi, ile inayotoa cheche, akawaonyesha ncha yake: ilikuwa nyeupe kuliko inavyotakiwa. Ekzosi ile ilipumua kwa urahisi kuliko ya zamani, kwa hiyo petroli ilikuwa haitoshi. Akageuza skrubu ndogo kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, kidogo tu, akasikiliza, akageuza tena, mpaka mngurumo ukatulia.

“Bado inaweza kukohoa siku moja moja,” alisema. “Kukohoa si ugonjwa.”

“Na maji?” aliuliza Mama Polepole.

“Hayo yaache.”

“Niyaache?”

“Petroli ikiungua inatoa maji pia, mama. Bomba likiwa la baridi, ule mvuke unageuka maji ndani kama kwenye mfuniko wa sufuria, unatona. Likipata moto, unatoka hewani. Ila safari zako ni fupi, na mwendo wako…” Akajikuna shingo. “Mwendo wako, shikamoo, tunaujua. Bomba halipati muda wa kukauka, litaoza kama lile la zamani. Itoe mara moja kwa juma, mwende nayo mbali, iunguze maji yote.”

Waliporudi, mshonaji alisema anataka kusikia mwenyewe. Akapanda nyuma, mikono kiunoni kwa mkewe, wakaenda mpaka juu ya mteremko wa bondeni. Mama Polepole akaachia mafuta. Wakateremka hivyo, upepo usoni, injini ikinguruma kwa sauti nene kuliko zamani lakini ya adabu, na hakuna kilicholia ila viatu vya mshonaji vilivyokuwa vikigonga vikanyagio kwa woga. Chini bondeni, bibi wa mtoto alikuwa nje akianika nepi. Aliwapungia mkono. Mlango wake aliuacha wazi.

Tangu hapo, kila siku ya mapumziko, waliitoa pikipiki kwenda mbali kama walivyoagizwa. Mshonaji alishona mto mnene wa kukalia nyuma na mfuko wa chupa ya chai. Walipita mtaa wa mwisho, wakapita viwanda vya matofali, mpaka pale lami inapokatika na barabara ya vumbi kuanza. Hapo waliketi ukingoni, wakanywa chai, wakatazama malori, na kusengenya kidogo watu wasio na hatia. Majirani waliwaona wakirudi na mavumbi mpaka kwenye nyusi, wakasema wazee wale wameanza upya.

Siku moja chai ilikwisha mapema, na mawingu yalikuwa yakijikusanya. Mshonaji akafunga mfuniko wa chupa.

“Tugeuze?”

Mama Polepole aliinama, akatazama chini ya ekzosi. Ilikuwa kavu kabisa. Akainuka, akavaa kofia yake.

“Bado ina maji,” alisema. “Twende kidogo mbele.”